Jua, Poda Nyeupe na Chemchemi Yetu

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya maji na afya)

Tunajua wengine wenu mmetoka mbali, na kuna ng'ombe wanaongoja kukamuliwa jioni, kwa hivyo hatutawachelewesha.

Leo tumeombwa kujibu swali moja. Swali ni hili: Je, ni kweli kuna poda ambayo ukiitia ndani ya maji na kuyaweka juani, inamaliza dawa za hospitali zilizoingia ndani ya maji hayo? Jibu fupi ni ndiyo, ni kweli. Jibu refu ni kwamba poda hiyo si ya chemchemi yetu, na si ya kununuliwa kwa pesa za kikundi. Tutaeleza sababu, hatua kwa hatua. Lakini kwanza tuanze na sisi wenyewe.

KOSA LILIANZIA KWETU

Wengi wenu mnaijua habari hii, lakini mmeisikia barabarani, na habari ya barabarani hutiwa chumvi. Afadhali muisikie kutoka kwetu.

Mwaka juzi sisi wa ofisi ya maendeleo tuliisaidia zahanati moja kupanga stoo yake. Tulikuta katoni nne za dawa zilizopita tarehe: Septrin, amoksilini, tetrasaiklini na nyingine. Gari la kuzipeleka mjini halikuwepo. Tukasema, "Hebu tuzitupe kwa kile choo cha zamani, watoto wasizipate." Tukaenda nyumbani tukijiona tumefanya kazi nzuri. Tulifikiria watoto. Maji hatukuyafikiria. Choo kile kiko juu ya mteremko, na chini yake, hata mita 30 hazifiki, kuna chemchemi ambayo watu wa nyumba karibu 60 huteka maji.

Masika ilipokuja, shimo likajaa maji likaanza kufurika. Mama mmoja wa kikundi cha chemchemi akaja ofisini. Hakupiga kelele. Alituuliza tu, "Nyinyi ndio mnatufundisha usafi wa maji kila mwaka. Sasa huko juu mmetuwekea nini?" Tulinyamaza, kwa sababu hatukuwa na la kusema.

Kikundi kikaitisha mkutano. Kijana mmoja mwalimu akasimama akasema amesoma kwamba kuna poda inayotumia mwanga wa jua kuvunja dawa ndani ya maji. Wiki hiyo hiyo akatokea mchuuzi na pakiti za poda nyeupe, hazina jina la kiwanda wala maandishi yoyote, shilingi 500 kila pakiti. Kikundi kilikuwa na shilingi 32,000 kwa benki, pesa za kujengea chemchemi, zilizochangwa kwa miaka mitatu. Wengine wakataka zote ziende kwa poda. Waliosita waliambiwa hawajali watoto wa wenzao. Kikundi kilikuwa karibu kuvunjika. Tuliomba wapewe na watupe wiki mbili tuulize wanaojua. Haya tunayowaambia leo ndiyo tuliyojifunza.

DAWA KIDOGO NDANI YA MAJI INAMDHURU NANI?

Mtu aliyekunywa maji yenye chembe za antibiotiki leo hataanguka. Pengine hatasikia lolote. Ndiyo maana ni vigumu watu kuliona jambo hili.

Wafugaji mtatuelewa upesi. Josho likiwa na dawa kamili, kupe wanakufa. Sasa mtu anaongeza maji ili dawa itoshe ng'ombe wengi. Nini kinatokea? Kupe dhaifu wanakufa, wale wagumu wanabaki, na wagumu ndio wanaozaana. Baada ya misimu michache hata dawa kamili haiwasumbui. Mnalijua hilo, limewapotezea ng'ombe.

Viini vya magonjwa ni vivyo hivyo. Antibiotiki ikiwa kidogo kidogo mahali kwa muda mrefu, iwe ni ndani ya tumbo la mtu aliyeacha dozi katikati, au ndani ya matope ya mto, inakuwa kama josho lililotiwa maji. Alexander Fleming, yule aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo hili hili mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Wakati huo penisilini ilikuwa bado ngeni kwa watu wengi.

Wataalamu wamekadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu viini vilivyowaugua vilikuwa vimezoea dawa. Tuwe wa kweli: chanzo kikubwa ni kutumia dawa ovyo kwa watu na kwa mifugo. Maji ni njia nyingine inayosaidia ubaya huo kuenea.

ZINAFIKAJE HUKO?

Njia ya kwanza ni mwili wetu. Ukimeza amoksilini, zaidi ya nusu yake hutoka kwa mkojo ikiwa bado ni dawa. Njia ya pili ni mifugo na kuku, pamoja na mbolea yao. Ya tatu ni kutupa, kama sisi tulivyofanya. Ya nne ni hospitali na viwanda.

Mwaka 2022 ilitolewa ripoti ya utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha York, Uingereza. Walipima dawa za aina mbalimbali katika mito 258 ya nchi 104. Viwango vya juu zaidi vilionekana Afrika kusini ya Sahara, Asia ya kusini na Amerika ya kusini, yaani kule ambako maji machafu hayasafishwi vya kutosha. Hapa kwetu, wataalamu waliopima maji ya Nairobi na Kisumu wamekuta sulfamethoksazoli. Jina ni refu, lakini mnaifahamu: ndiyo sehemu kubwa ya Septrin.

Na viwandani je? Mwaka 2007 ilichapishwa habari ya Patancheru, karibu na mji wa Hyderabad, India. Viwanda vya dawa kama 90 vilikuwa vinapeleka maji machafu kwa mtambo mmoja wa kusafishia. Maji yaliyotoka upande wa pili, yale yaliyosemekana yamesafishwa, yalikuwa na hadi miligramu 31 za siprofloksasini kwa kila lita. Hicho ni kiasi kikubwa kuliko kile kinachopatikana katika damu ya mgonjwa anayetibiwa kwa dawa hiyo. Tunaitaja India kwa sababu vidonge vingi tunavyomeza Kenya vinatoka huko. Bei ndogo tunayoilipa hapa, kuna jirani wa mto mahali fulani anayetulipia nyingine.

Sasa tufanye hesabu ndogo, nyinyi wenye daftari andikeni. Kidonge kimoja cha Septrin cha kawaida kina miligramu 400 za sulfamethoksazoli. Wapimaji wa mito hutumia kipimo cha mikrogramu, ambayo ni sehemu moja ya miligramu iliyogawanywa mara elfu. Kidonge kimoja kikiyeyuka chote kinatosha kutia mikrogramu moja kwa kila lita katika lita 400,000. Hiyo ni mitungi 20,000 ya lita 20. Kidonge kimoja! Na sisi tulitupa katoni nne. Mtuelewe sasa kwa nini hatukulala.

PODA INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Poda yenyewe haina uchawi. Inaitwa titani dioksaidi. Ndiyo ile inayotia weupe ndani ya rangi ya kupaka nyumba. Madini yake yako hata katika mchanga wa Kwale, ambako ulichimbwa na kupakiwa melini kuanzia mwaka 2014 mpaka uchimbaji ulipofungwa mwisho wa mwaka 2024.

Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na mwalimu wake Kenichi Honda, walitangaza kwamba kitu hiki kikimulikwa na mwanga ndani ya maji, kinaweza kuyapasua maji yenyewe. Tangu hapo wanasayansi wamekitafutia kazi. Huko Japani kuna vigae na vioo vilivyopakwa poda hiyo, na jua linasaidia kuvisafisha.

Kazi yake ni hivi. Mwanga mkali ukigonga chembe ya poda, kitu kidogo sana kinachoitwa elektroni kinaruka kutoka mahali pake na kuacha pengo. Elektroni ile na pengo lile vinashika maji na hewa ya oksijeni iliyo karibu, na hapo vinazaliwa vipande vikali mno. Vipande hivi haviishi hata kufumba na kufumbua, lakini kabla ya kwisha vinauma chochote vilicho karibu nacho. Kama ni chembe ya Septrin, inaumwa, inakatika, inakatika tena, na ikipewa muda wa kutosha inaishia kuwa maji, gesi na chumvi kidogo.

Poda yenyewe haipungui. Ni kama jiwe la kusagia. Nafaka inapita na kuwa unga, jiwe linabaki pale pale likingoja nafaka nyingine. Kitu cha namna hii huitwa kichocheo, na hiki ni kichocheo cha mwanga.

Kuna ndugu yake, chuma. Chuma kidogo, pamoja na dawa ya kung'arisha inayoitwa haidrojeni peroksaidi, vikiwekwa juani vinafanya kazi inayofanana. Huko Almería, kusini mwa Hispania, penye jua kama la kwetu, kuna kituo cha utafiti ambacho kimejaribu njia hizi zote mbili kwa miaka mingi. Maji machafu yanapitishwa ndani ya mabomba ya kioo, nyuma yake kuna mabati yanayong'aa kama kioo cha kujitazamia ili jua lipige pande zote. Wamejaribu kwa dawa za shamba na kwa antibiotiki, na zinavunjika.

Kwa hivyo kijana wetu mwalimu hakudanganya. Tumpigie makofi.

BASI KWA NINI ISIWE NDANI YA MTUNGI?

Hapa ndipo mchuuzi hakuwaambia watu yote. Kuna mambo matano.

Kwanza, poda hiyo haitumii jua lote. Inataka mwanga ule mkali usioonekana kwa macho, unaochoma ngozi na kufifisha vitambaa. Huo ni kama sehemu 5 tu kati ya 100 za nguvu za jua zinazotufikia. Ndiyo sababu wanasayansi wanahangaika kutafuta vichocheo vingine vitakavyotumia mwanga wa kawaida. Usiku na siku ya mawingu kazi inalala au inapungua sana.

Pili, maji lazima yawe meupe. Maji ya matope yanazuia mwanga. Tena vile vipande vikali havichagui. Vikikuta majani yaliyooza na uchafu mwingine, vinauma huo kwanza, na dawa inapita salama.

Tatu, kazi ikiachwa katikati, chembe ya dawa imekatwa lakini haijaisha. Vipande vingine vilivyobaki vinaweza kuwa bado na nguvu ya dawa, au vikawa na madhara mengine. Huwezi kujua kwa kuonja wala kwa kutazama. Inatakiwa maabara.

Nne, poda inatoka namna gani baadaye? Chembe zake ni ndogo sana, kitambaa cha kuchujia hakizishiki. Nani anataka kunywa rangi ya nyumba? Nchi za Umoja wa Ulaya ziliipiga marufuku ndani ya chakula mwaka 2022. Ndiyo maana penye mitambo mingi hawaimwagi ndani ya maji bali wanaigandisha juu ya kioo au vigae.

Tano, poda ya dukani si lazima iwe ile inayofanya kazi. Mmewahi kupapasa bati lililopakwa rangi miaka mingi iliyopita, mkono ukatoka na vumbi jeupe? Mara nyingi ni hii poda: jua limeiamsha nayo imeanza kuila rangi yenyewe. Wenye viwanda wanajua hilo, kwa hivyo poda nyingi ya rangi huvikwa koti jembamba ili isiume. Pakiti ile ya shilingi 500 ingekuwa na poda iliyovikwa koti, au unga wa chokaa tu, nani angejua?

Mahali pa kichocheo hiki ni mwishoni mwa bomba la hospitali kubwa au kiwanda cha dawa, baada ya maji kusafishwa uchafu mwingine, na pawe na fundi na vipimo. Mahali hapo dawa iko kwa wingi, na kazi inalipa gharama. Ikishafika mtoni na kuenea, kuifuata ni kama kukimbiza kuku aliyekwisha kuingia msituni.

TULIFANYA NINI?

Baada ya wiki mbili kikundi kilikutana tena. Tulieleza haya, kisha tukatoka nje ili waamue wenyewe. Walikaa saa tatu. Waliamua pesa zibaki kwa chemchemi.

Sisi tulilipa gharama ya kosa letu kutoka kwa mfuko wa ofisi. Afisa wa afya alisimamia. Maboksi na chupa zilizokuwa bado hazijafunguka zilitolewa na watu waliovaa glavu na viatu vya mpira, zikapelekwa hospitali yenye tanuri la kuchomea taka. Juu ya shimo tulichimba mtaro wa kugeuza maji ya mvua, shimo likajazwa na kufunikwa udongo wa mfinyanzi. Msimu ule watu waliteka maji upande mwingine, mwendo wa nusu saa zaidi, na waliotembea si sisi, ni kina mama na wasichana. Kikundi nacho kikanunua saruji, mawe, bomba na nyaya za ua. Leo chemchemi imejengwa.

Zile zilizokuwa zimeyeyuka na kuteremka hatukuzirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Hilo tutabaki nalo.

KILA KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

1. Dawa zilizobaki au kupita tarehe zisitupwe chooni, mtoni wala kwenye shimo la takataka, na zisichomwe jikoni. Zikusanyeni kwa boksi moja la kikundi lililofungwa, zirudishwe hospitalini, na muulize zitachomwa wapi.

2. Dozi imalizwe kama ulivyoandikiwa. Usigawane vidonge na jirani. Homa ya mafua haitibiwi kwa antibiotiki.

3. Ng'ombe na kuku watibiwe kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Fuata siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuuza maziwa au mayai. Bomba la sindano na ndoo ya dawa visioshewe mtoni. Samadi iozeshwe vizuri kabla ya kupelekwa shambani, kwa maana dawa nyingi hupungua humo.

4. Choo kiwe upande wa chini wa kisima au chemchemi, na kisiwe karibu kuliko mita 30.

5. Kwa viini endeleeni kuchemsha maji, au kutia klorini kwa kipimo. Hata ile njia ya chupa safi ya plastiki kuwekwa juani saa 6 ni nzuri. Ilijaribiwa kwa watoto wa Kimaasai huko Kajiado miaka ya 1990 na kuhara kukapungua. Lakini kumbukeni, hizo ni njia za kuua viini. Si za kuondoa dawa.

6. Akija mtu na poda ya maji, muulizeni maswali matatu: Imetengenezwa wapi, na alama ya ubora iko wapi? Baada ya kazi poda inatolewa majini namna gani? Ni maabara gani iliyopima maji kabla na baada? Akishindwa hata moja, mpeni chai aende zake.

7. Ulizeni juu ya bomba kubwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maji machafu ya viwanda vya antibiotiki. Kaunti ikiita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, kikundi kitume watu wawili na swali moja tu: Maji machafu ya hospitali yetu yanaenda wapi? Hapo ndipo habari ya kichocheo cha mwanga inapofaa kutajwa, na kijana wetu mwalimu ndiye wa kuitaja.

Tunawashukuru kwa kutusamehe. Yule mama aliyekuja ofisini sasa ndiye mweka ufunguo wa lile boksi la dawa. Hata sisi tukipeleka zetu, anatuandika kwa daftari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwako kuna dawa zilizobaki? Ziko wapi sasa hivi?

2. Dawa za mifugo mnazotumia, mlishauriwa na nani, na ndoo inaoshewa wapi?

3. Kutoka chanzo chenu cha maji, tembeeni pamoja kupanda mteremko. Mmeona nini huko juu, na ni cha nani?

4. Kikundi chenu kimewahi kukaribia kutoa pesa kwa haraka kwa sababu ya hofu? Nini kiliwasaidia, au kingewasaidia?